Juri, Jaji Pekee, au Jaji na Washauri: Ulinganisho kwa Wanaopima Mfumo wa Kesi za Jinai Uganda

Kila kesi kubwa ya mauaji inapomalizika kwa namna isiyowaridhisha watu, iwe Kampala, Jinja au Arua, hakosekani wa kuuliza kwa nini uhuru wa mshtakiwa, na pengine uhai wake, uachwe mikononi mwa jaji mmoja, ilhali katika kesi za Marekani zinazoonyeshwa kwenye televisheni huonekana raia kumi na wawili wakiketi pembeni, wakisikiliza ushahidi na kuamua wenyewe. Swali hilo ni halali, na linastahili jibu lenye uzito kuliko lile la kusema kwamba sheria yetu haina juri. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya wasomaji wa aina mbili: wale wanaotakiwa kutoa maoni kuhusu namna mahakama zetu zinavyopaswa kurekebishwa, na wale wenye ndugu walioko Kanada au Marekani, ambako mshtakiwa mwenyewe huweza kulazimika kuchagua kati ya jaji na juri.

Tuanze na tulicho nacho. Kesi nyingi za jinai nchini Uganda haziamuliwi na jaji wala juri, bali na hakimu aliye peke yake. Hakimu Mkuu ana mamlaka ya kusikiliza kosa lolote isipokuwa lile ambalo adhabu yake ya juu ni kifo. Makosa ya kifo, yakiwemo mauaji, ubakaji, uhaini, wizi wa kutumia silaha na unajisi wa mtoto wa chini ya miaka 14, hupelekwa Mahakama Kuu, na huko jaji huketi pamoja na washauri wa mahakama wasiopungua wawili. Hawa ni raia wa kawaida, wenye umri kati ya miaka 21 na 60, ambao huapishwa, husikiliza ushahidi wote, na mwishoni, baada ya jaji kuwafafanulia sheria na kuwafupishia ushahidi, hutamka maoni yao mahakamani nayo yakaandikwa katika kumbukumbu. Maoni hayo hayamfungi jaji. Anaweza kuyakataa yote mawili akaamua kinyume, mradi aeleze katika hukumu yake sababu za kutokubaliana nayo.

Majirani zetu wameupa mfumo huu kisogo. Kenya iliwafuta washauri mwaka 2007, na Tanzania, ambako huitwa wazee wa baraza, tangu marekebisho ya mwaka 2022 jaji huwaita pale tu anapoona inafaa. Juri nayo iliwahi kuwepo katika eneo letu, ila haikuwa ya kila mtu: katika koloni la Kenya ilikuwa haki ya Mzungu kuhukumiwa na Wazungu wenzake, na ndivyo Jock Delves Broughton alivyoachiliwa huru jijini Nairobi mwaka 1941 katika kesi ya mauaji ya Lord Erroll. Mwafrika aliyesimama kizimbani wakati huohuo hakupewa watu wa kufanana naye wa kumwamulia, bali washauri ambao jaji Mzungu aliweza kuwapuuza. Anayeisifu juri kama tunu tuliyonyimwa na wakoloni hana budi kulikumbuka jambo hilo, na anayewasifu washauri kama urithi wa mabaraza yetu ya kijadi naye pia alikumbuke.

Sababu za uamuzi, na nani anaweza kuzisahihisha

Tofauti iliyo kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, haiko katika idadi ya vichwa vinavyoamua. Iko katika karatasi inayobaki baada ya uamuzi. Juri hurudi mahakamani na neno moja au mawili, ana hatia au hana hatia, kisha wanajuri hurejea majumbani mwao. Waliyojadiliana ni siri. Hakuna anayejua kama walimsadiki shahidi wa tatu, kama walizielewa tarehe, au kama kuna aliyekerwa tu na jinsi mshtakiwa alivyovaa. Jaji au hakimu, kwa upande wake, analazimika kuandika hukumu inayoonyesha hoja zilizobishaniwa, uamuzi wake juu ya kila hoja, na sababu zake.

Chukua mfano wa kawaida kabisa katika kesi zetu. Wezi wamevamia nyumba usiku, na shahidi pekee ni mama mwenye nyumba, anayesema alimtambua mmoja wao kwa mwanga wa tadoba, ile taa ndogo ya mafuta ya taa iliyokuwa mezani. Tangu uamuzi mashuhuri wa Mahakama ya Rufaa wa mwaka 1979, jaji wa Uganda hana ruhusa ya kuridhika na uhakika wa mama huyo pekee. Lazima ajionye, na awaonye washauri, kwamba shahidi mkweli kabisa anaweza kukosea, kisha apime mwanga ulikuwa wa kiasi gani, umbali ulikuwa hatua ngapi, tukio lilichukua muda gani, na kama shahidi alimfahamu mtu huyo kabla ya usiku ule. Katika hukumu iliyoandikwa vizuri utaona kila kimoja cha vipimo hivyo kikijibiwa. Jaji akisahau umbali, wakili wa utetezi ataliona pengo hilo siku anayoisoma hukumu, naye atalipeleka Mahakama ya Rufaa, ambako majaji watatu wana wajibu wa kuupima ushahidi upya na kufikia uamuzi wao wenyewe.

Mbele ya juri, jaji hutoa onyo lilelile kwa mdomo, lakini hakuna namna ya kujua kama onyo limesikilizwa. Rufaa basi huzunguka pembezoni: jaji aliwaelekeza wanajuri vibaya, ushahidi fulani haukupaswa kupokelewa, mwanajuri fulani alikuwa na upendeleo. Kiini chenyewe, yaani kwa nini walisadiki walichosadiki, hakiguswi. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ililiona tatizo hili katika kesi moja ya Ubelgiji iliyoamuliwa Novemba 2010, ikasema kwamba mshtakiwa aliyetiwa hatiani na juri bila namna yoyote ya kuelewa sababu hakutendewa haki, ingawa haikusema kwamba juri yenyewe ni batili.

Tunao pia mfano ulio karibu nasi zaidi. Dominic Ongwen, kamanda wa kundi la waasi la LRA, alihukumiwa The Hague, katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na majaji watatu bila juri. Hukumu ya tarehe 4 Februari 2021 ilizidi kurasa 1,000, ikimtia hatiani kwa mashtaka 61 kati ya 70. Mawakili wake walikata rufaa kwa hoja 90. Rufaa ilitupwa mwaka 2022, lakini kinachonivutia hapa si matokeo yake, bali uwezekano wa hoja 90 kuwepo. Mtu hawezi kubishana na ukurasa ambao haukuandikwa.

Kesi ndogo ndani ya kesi

Hapa ndipo jaji wa peke yake anapoonyesha udhaifu wake, na watetezi wa mfumo wa majaji hupenda kulipita jambo hili haraka. Tuseme polisi wanaleta maelezo ya kukiri kosa, na mshtakiwa anadai alipigwa hadi akatia sahihi. Katika Mahakama Kuu yetu, kusikiliza ushahidi husimama kwa muda, washauri huambiwa watoke nje, na kesi ndogo huendeshwa ndani ya kesi kubwa: afisa aliyeandika maelezo huhojiwa, mshtakiwa huonyesha makovu yake, daktari huitwa kama yupo. Jaji akiona kwamba kukiri huko hakukuwa kwa hiari, hukukataa, washauri hurudi, na kesi huendelea kana kwamba karatasi ile haikuwahi kuletwa.

Washauri hawakuyasikia yaliyoandikwa ndani yake, jaji ameyasikia. Yeye ndiye aliyeikataa karatasi, na yeye huyohuyo ndiye atakayeamua kama mshtakiwa aliua. Sheria hudhani kwamba mafunzo na kiapo vinamwezesha kuyaweka pembeni aliyoyasoma. Wengi huweza, nami ninaamini hivyo kwa sehemu kubwa, ila sioni aibu kusema kwamba binadamu hafuti akilini alichokisoma kwa sababu tu amejiamuru afute. Katika mfumo wa juri tatizo hili limetatuliwa kwa ufundi mkubwa: anayechuja ushahidi siye anayeupima. Kama kuna sababu moja ya kuionea wivu juri, basi ni hii.

Mkono wa dola

Sababu ya pili wanayoitaja watetezi wa juri ni uhuru. Husimulia kesi ya London ya mwaka 1670, ambapo wanajuri waliokataa kuwatia hatiani wahubiri wawili wa Kikweka, William Penn na William Mead, walifungiwa bila chakula wala maji, wakatozwa faini, na mmoja wao, Edward Bushell, akashinda mahakamani kwa kuthibitisha kwamba mwanajuri haadhibiwi kwa uamuzi wake. Hoja yao ni kwamba jaji huteuliwa na mtawala, lakini mwanajuri haombi cheo kwa mtu yeyote.

Nchini Uganda hoja hiyo ina uzito wake. Majaji wetu huteuliwa na Rais kwa ushauri wa Tume ya Utumishi wa Mahakama na kwa idhini ya Bunge. Hata hivyo, wakishateuliwa hawaondolewi kirahisi: jaji wa Mahakama Kuu hukaa hadi umri wa miaka 65, na kumwondoa kabla ya hapo kunahitaji baraza maalumu la uchunguzi. Ulinzi huo wa kisheria umewahi kushindwa mbele ya bunduki. Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alitolewa ofisini kwake katika Mahakama Kuu na watu wa utawala wa Amin, naye akauawa. Novemba 2005, na tena Machi 2007, watu wenye silaha waliizingira au kuivamia Mahakama Kuu ya Kampala washtakiwa wa uhaini walipopewa dhamana, na katika tukio la pili majaji waligoma.

Sasa swali ni hili: je, wanajuri kumi na wawili wangesimama imara zaidi? Wapo wanaosema ni vigumu kuwatisha kumi na wawili kuliko mmoja. Mimi naona kinyume. Jaji ana mlinzi, ana mshahara usiopunguzwa, ana majaji wenzake wa kugoma naye. Mwuza duka wa soko la Owino, Kampala, aliyeitwa kuwa mwanajuri kwa wiki tatu hana hata kimoja cha hivyo, na jioni hurudi kwenye mtaa uleule wanakokaa ndugu wa marehemu na ndugu wa mshtakiwa. Ireland Kaskazini ilikumbana na jambo hili wakati wa machafuko yake: mwaka 1973, kwa hofu ya wanajuri kutishwa na kuamua kwa ushabiki wa upande wao, iliweka mahakama za jaji mmoja kwa makosa ya kigaidi, na ili kufidia kukosekana kwa juri, jaji alilazimika kutoa sababu na mshtakiwa akapewa haki ya kukata rufaa moja kwa moja.

Tusisahau pia kwamba wingi wa waamuzi wasio wanasheria hauleti uhuru peke yake. Mahakama ya kijeshi nayo ina jopo la watu kadhaa, na bado Mahakama ya Juu, katika uamuzi wake wa tarehe 31 Januari 2025, ilizuia mahakama hizo kuwahukumu raia, sababu moja kuu ikiwa ni kwamba hazina uhuru unaohitajika.

Lugha na ujirani

Kesi katika Mahakama Kuu huendeshwa kwa Kiingereza. Katiba inampa mshtakiwa mkalimani bila malipo, na kule Gulu, Moroto au Kasese mkalimani ndiye mtu mwenye kazi nyingi kuliko wote chumbani. Kuwapata washauri wawili au watatu wanaokielewa Kiingereza vya kutosha na pia wanaoyajua mazingira ya mahali hapo kunawezekana. Kuwapata kumi na wawili, wasio jamaa wa upande wowote, wasio wa ukoo wenye ugomvi wa ardhi na ukoo wa mshtakiwa, na ambao hawajaisikia kesi nzima sokoni kabla haijafika mahakamani, ni kazi nyingine kabisa. Ama ungewachagua wasomi tu, na hapo juri haingekuwa tena sura ya wananchi, ama ungewatafsiria kumi na wawili kila neno, na hapo kesi ya siku tatu ingekuwa ya wiki mbili.

Gharama sitazichambua kwa kirefu. Vikao vya jinai vya Mahakama Kuu tayari husubiri fedha, mahabusu hukaa rumande miaka, na kanuni za mwaka 2016 za makubaliano ya kukiri kosa zililenga, pamoja na mambo mengine, kuupunguza mrundikano huo. Juri ingeuongeza. Hata Uingereza yenyewe, ambako juri ilizaliwa, mapitio yaliyoongozwa na Brian Leveson yalipendekeza mwaka 2025 kwamba baadhi ya kesi zihamishwe kutoka kwenye juri ili kupunguza foleni.

Njia ya katikati inayostahili kutazamwa

Afrika Kusini iliifuta juri mwaka 1969, ila haikumwacha jaji peke yake katika kesi nzito. Jaji anaweza kuketi na washauri wawili, nao si wa kupuuzwa: katika maswali ya ukweli wa mambo kila mmoja ana kura, na wawili wakikubaliana humshinda jaji, huku sheria ikibaki mikononi mwa jaji pekee. Dunia iliuona mfumo huo mwaka 2014 katika kesi ya mwanariadha Oscar Pistorius, aliyemuua mpenzi wake kwa risasi. Jaji Thokozile Masipa na washauri wake walimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Kwa kuwa sababu zote zilikuwa zimeandikwa, Mahakama ya Juu ya Rufaa iliweza kuonyesha mahali sheria ilipotumiwa vibaya, na Desemba 2015 ikaibadili hatia hiyo kuwa ya mauaji. Ningependa tu kuongeza kwamba washauri wa huko mara nyingi ni wanasheria, jambo ambalo sisi hatulazimiki kuliiga. Japani nayo, tangu mwaka 2009, huwaketisha raia sita pamoja na majaji watatu katika kesi nzito, wakijadiliana katika chumba kimoja na kupiga kura kwa pamoja.

Basi, kwa msomaji anayetakiwa kutoa maoni kuhusu sheria yetu, msimamo wangu ni huu: juri kamili haitufai, na kuwafuta washauri kama Kenya ilivyofanya ni kuchukua njia rahisi. Mahakama zetu, kwa mujibu wa ibara ya 126 ya Katiba, hutumia mamlaka yanayotoka kwa wananchi, na ni vigumu kuona wananchi wako wapi katika chumba ambamo hakuna hata mmoja wao anayehesabiwa. Kasoro ya washauri wetu ni kwamba wanasikiliza wiki nzima, kisha katika hukumu nyingi hutajwa katika sentensi moja ya mwisho, kwamba jaji amekubaliana nao au hakukubaliana nao. Wapewe kura katika maswali ya ukweli wa mambo, waketi na jaji wakati wa kujadili, na hukumu iendelee kuandikwa na jaji pamoja na sababu za walio wengi na za aliyepinga. Kuhusu maelezo ya kukiri kosa, kesi ile ndogo isikilizwe na jaji mwingine pale ambapo kituo cha mahakama kina jaji zaidi ya mmoja. Hili halihitaji sheria kubwa wala fedha nyingi.

Kwa mwenye ndugu ughaibuni, ushauri ni wa namna nyingine, kwa sababu huko hachagui mfumo wa nchi bali njia ya kesi moja. Kanada humhakikishia juri mtu anayekabiliwa na kosa lenye kifungo cha juu cha miaka mitano au zaidi, na kwa makosa mengi ya aina hiyo anaweza kuchagua jaji pekee. Kwa mauaji, juri ndiyo kawaida, na kuikwepa kunahitaji ridhaa ya upande wa mashtaka pia. Katika mahakama za shirikisho za Marekani, kuiacha juri kunahitaji ridhaa ya upande wa mashtaka na ya mahakama, na juri ikiketi lazima ikubaliane kwa kauli moja. Mawakili wengi hupima hivi: utetezi ukitegemea kipengele cha sheria au ushahidi wa kitaalamu, au kama picha za tukio ni za kutisha mno, jaji ni salama zaidi, utetezi ukitegemea kusadikiwa kwa mshtakiwa mwenyewe, au kama kuna jambo baya kumhusu ambalo jaji amekwisha kulisikia na kulikataa, juri huwa na nafasi nzuri. Mhamiaji wa Kiafrika ana swali jingine la kumwuliza wakili wake kabla ya kutia sahihi: wanajuri wa wilaya ile huchaguliwa kutoka orodha gani, na katika orodha hiyo kuna watu wangapi waliowahi kusikia lafudhi kama yake?